Bi Kinue Obonai, Msaga Majani ya Katsura

Ndugu, majirani na nyote mliovuka theluji hii, mimi ni Toyozo, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma kwa kuwa sauti yangu inafika bonde la pili bila spika.

Dada yetu Kinue alizaliwa tarehe 9 Februari 1941 hapahapa Okunari, mkoa wa Akita, siku ambayo theluji iliifunika nyumba mpaka mkunga akaingilia tundu la moshi, sikuwapo lakini naapa. Alimaliza shule mwaka 1956, mimi ile shule niliiacha kabla haijaniacha, akaingia kazini kwa baba, kuokota majani ya mti wa katsura wakati wa vuli, kuyakausha na kuyasaga yawe ubani. Aliolewa na marehemu Heisaku Obonai tarehe 3 Mei 1964, wakajaliwa watoto wawili, Sumie na Kazuo, na nyumba yao ilinukia sukari inayoanza kuungua, hadi dubu wakawa wanapiga hodi.

Mwaka 2022 alipata homa kali, akapona, ila pua haikunusa tena. Hapo akaumia sana, maana majani hayo hunukia siku chache tu yakishageuka manjano, ukiwahi ni nyasi, ukichelewa ni takataka, na alishaapa kwamba ubani wa maziko yake atausaga mwenyewe, hafukiziwi wa dukani. Basi vuli hii akanichukua mimi nimnusie, mwenye pua inayojua leo jirani atapika nini kesho.

Kila asubuhi chini ya mti navuta pumzi, natangaza, "Dada, tayari!"

"Bado."

"Wewe hunusi, umejuaje?"

"We Toyozo, pua yako ni ya kuegeshea miwani. Mimi naangalia mabega. Yakinukia kweli, mtu anavuta mpaka tumboni, mabega yanashuka yenyewe. Yako yamepanda masikioni, kama kuku aliyenyeshewa!"

Mpaka asubuhi moja nikavuta, nikavuta tena, nikasahau kusema. Akanitazama.

"Leo," akasema. "Lete gunia."

Ubani aliusaga wote. Moyo ukaanza kuchoka mwezi Novemba, akafariki nyumbani tarehe 14 Desemba 2024, Sumie akiwa amemshika mkono. Tunamshukuru daktari aliyepanda mlima na mkoba wake mgongoni, majirani waliofukua barabara, na wenzake wa kinuni waliomaliza kuchekecha.

Ubani ulio mbele ya chetezo ndio huo. Njooni mmoja mmoja, chukueni kidogo kwa ncha za vidole, fukizeni, mvute taratibu, halafu mtazamane mabega. Yangu yameshashuka. Pumzika, dada, umepatia.