Lesi ya Kuokota

Kijiwe hiki kina sheria moja tu: cha kuokotwa ni cha wote. Jioni hiyo wenyewe walikuwa wamebanana kwenye benchi lao nje ya karakana: Redio, ambaye hazimiki, Pasi, dobi wa mtaa, muuza kahawa na birika lake, na Nondo, fundi wa kuchomelea mageti, pande la mtu. Nondo alipochomoa kitambaa ajifute jasho, utepe wa lesi nyeupe ukachomoka nacho, ukaangukia miguuni pa Redio.

— Nondo, nini hii?

— Nimeiokota, — akasema upesi.

Kumbe ameisuka mwenyewe, miezi na miezi, mlango umefungwa, akipishanisha vijiti vyenye nyuzi juu ya mto uliochomwa pini. Raha iliyoje! Lakini hapa aibu ilimkaba, akagugumia kahawa ya moto ikamuunguza ulimi.

— Ya shimizi hii, — Redio akasema. — Kuna mke wa mtu anaitafuta.

— Wee! Nafua nguo za mtaa mzima, hii siijui. Ya jini. Kwenye vitundu hivi ndimo anamochungulia.

— Jini gani, Pasi? — akadakia muuza kahawa. — Ramani ya majambazi hii! Kila kitundu nyumba.

— Ndiyo maana wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, — Pasi akasema. Nondo, kajikague mifuko!

— Hata hivyo, mwanamume mzima hawezi kukaa na upuuzi huu, — Redio akacheka.

Nondo naye akacheka, kicheko kikavu.

— Cha kuokotwa ni cha wote, — akasema muuza kahawa. — Na mimi mpini wa birika unaniunguza.

Akauzungushia lesi, akakaza fundo. Doa la kahawa likaanza kutambaa. Nondo akaliangalia tu. Neno moja lingetosha, “yangu”, naye akalimeza pamoja na kahawa.

Ndipo akatokea binti yake, kichanga kifuani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Baba, mama kasema umeimaliza lesi ya kofia ya mjukuu wako, umetoka nayo. Iko wapi?

Benchi zima likamtazama Nondo, kisha birika. Hata Redio alizimika. Muuza kahawa akafungua fundo taratibu, akamkabidhi Nondo kwa mikono miwili. Ilikuwa imelowa, ina moto bado.

— Nimeisuka mimi, — Nondo akasema, kwa sauti ndogo, akimwambia kichanga, maana watu wazima alishindwa kuwatazama.