Ukiambiwa Turudi, Utarudi?

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza, maana leo nina mtu wa kukukalisha.

Leo tunamkumbuka mwongoza watalii mmoja. Wenzake walimwita Turudi. Mzee Turudi. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na watu waliokuwa wakimcheka, na akalivaa kama kofia.

Alifariki wiki mbili zilizopita, Jumanne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka sitini na tatu. Moyo ulichoka. Ameacha mjane, ambaye ni fundi cherehani. Ameacha binti mmoja, ambaye ni mwongoza watalii kama baba yake. Nilikwenda kuwaona nyumbani. Nikapewa chai, nikapewa kiti kisichotikisika, nikapewa na habari hii.

Shikeni jambo moja, wasikilizaji, maana nitalirudia. Mzee Turudi aliongoza watu porini kwa miguu miaka kumi na tisa. Kwa miguu. Hakuna aliyeumia. Hata mmoja.

Alianza chini kabisa. Kambini alianza kwa kuosha magari. Mjane anakumbuka: "Alikuwa anakwangua tope la tairi, analinusa. Anasema hili la mtoni, hili la bwawani, na huyu dereva ametudanganya, huko hakufika." Madereva hawakumpenda kwa hilo. Meneja alimpenda. Akampa usukani.

Basi akaendesha safari za gari. Mnaijua safari ya gari. Paa linafunguliwa, wageni wanasimama, kamera mkononi. Dereva mmoja akiona simba, anawaambia wenzake kwenye redio ya upepo, na vumbi linaanza kutimka kila upande. Mzee hakuipenda sana. Alisema, "Simba amelala zake, magari kumi tumemzunguka kama tunasubiri atoe hotuba."

Yeye alitaka kushuka. Akasomea, akafanya mtihani, akapata kibali cha kuongoza safari za miguu. Wageni sita, mstari mmoja, kimya. Yeye mbele na bunduki begani. Asubuhi anatoka na risasi tano, mchana anarudi na risasi tano. Miaka kumi na tisa, risasi tano zilezile. Mkewe alimtania, "Hizo zitaota kutu, mume wangu." Akamjibu, "Zikiota kutu, ujue mumeo anarudi."

Ukiwa kwa miguu porini, tembo haji kama picha. Unamjua kwanza kwa tawi lililovunjika, kwa mavi yenye moto, kwa nyayo zilizojaa maji. Mzee aliwapigisha wageni magoti kutazama siafu. Na mara nyingine, katikati ya njia, aliinua ngumi juu. Ngumi juu ni simama. Kisha aligeuka na kusema neno moja, kwa sauti ya chini. "Turudi."

Mara nyingine alisema sababu. Mara nyingi hakusema.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Kama miaka miwili na nusu iliyopita. Binti yake alikuwa mwanafunzi wa kazi, akitembea nyuma kabisa ya mstari. Ilikuwa safari yake ya kwanza na baba yake. Wageni sita walitembea saa tatu kwenda kwenye kona ya mto ambako tembo huoga. Wakafika mahali wanawasikia kabisa. Maji yanarushwa, mtoto wa tembo anapiga kelele. Zimebaki hatua mia moja, na katikati yake kichaka.

Mzee akainua ngumi.

Ndege wadogo watano wenye midomo myekundu walikuwa wameruka kutoka kwenye kile kichaka. Ni wale ndege wanaokaa mgongoni kwa nyati wakila kupe. Basi. Ndege watano.

"Turudi," akasema.

Mgeni mmoja, bwana mnene aliyenunua buti mpya kwa safari ile, alinong'ona kwa hasira, "Lakini tunawasikia!"

"Nami nawasikia, bwana. Turudi."

Wakarudi. Saa tatu tena, jua la utosi, na buti mpya zinauma.

Ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kawaida. Lakini nusu saa baadaye, kundi la kambi ya jirani lilipita palepale, kando ya kichaka kilekile. Likawaona tembo, likapiga picha, likala na sandwichi. Hakuna kilichowapata. Jioni zile picha ziliwafikia wageni wa Mzee. Mwenye buti akaandika barua ndefu ya malalamiko, na meneja akaisoma mara mbili.

Kesho yake dereva mmoja waliyemwita Breki, kwa sababu alikuwa hazijui, alimpokea binti kwa mluzi. "Mtoto wa Turudi! Jana mlikimbia nini, shomoro?"

Gereji nzima ikacheka. Binti anasema kicheko kile anakisikia mpaka leo. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, aliyekuwa anafunga kamba za viatu.

"Baba, uliona nini jana?"

"Ndege."

"Ndege tu?"

"Ndege tu, mwanangu."

"Wenzetu wamepita pale pale. Hapakuwa na kitu!"

Mzee akafunga kiatu cha pili. "Nyati naye ana miguu," akasema. "Nusu saa inamtosha."

Binti hakutaka kusikia. Wasikilizaji wapendwa, yule mtoto alikuwa anaijenga kesho yake, na jina la baba yake lilikuwa limegeuka mluzi. Akaomba kuhamia kwenye magari, chini ya Breki. Nyumbani alikuja, ndiyo. Alisalimia. "Alikuwa anatoa shikamoo baridi kama chai ya jana," anasema mama yake. "Mzee anaipokea, anainywa hivyo hivyo." Miaka miwili.

Na Mzee je? Meneja alimwondoa porini. Akamweka mapokezini, nyuma ya meza, awasaidie wageni kuchagua safari. Kwa mtu wa nyayo na siafu, ile ilikuwa jela yenye feni.

Lakini mtu akiwa na jicho, hata mezani anaona. Wageni walikuja na orodha za kila kitu. Mzee aliiweka orodha pembeni, akamtazama mtu.

Bibi mmoja mwenye goti bovu alitaka safari ya miguu kwa sababu shoga yake alienda. Mzee akampeleka kwenye kibanda cha kutazamia ndege kando ya bwawa. "Mama, wewe kaa na chupa yako ya chai. Wanyama wana magoti mazima, watakuja wao." Wakaja.

Maharusi wawili walitaka mtumbwi mtoni. Pale mezani tu walikuwa wamebishana mara tatu, funguo ziko kwa nani. "Mtumbwi hapana," akawaambia. "Mtumbwi unataka watu wanaokubaliana upande wa kupiga kasia, na mto una viboko. Nendeni safari ya gari ya usiku. Gizani mtashikana mikono wenyewe."

Bwana mwenye ratiba ya dakika kwa dakika alitaka puto, lile puto kubwa la hewa ya moto linaloelea juu ya mbuga alfajiri. Mzee akamwonya. "Puto haliendi unakotaka wewe. Linakwenda unakotaka upepo. Utaweza?" Yule bwana akawaza, akasema labda ndiyo dawa yake. Alirudi ametulia kama mtu aliyeoga.

Na aliyetaka safari ya miguu? Huyo aliulizwa swali moja. Umri hakuulizwa, wala buti.

"Ukiambiwa turudi, utarudi?"

Mzee hakusikiliza sana jibu. Alihesabu muda wa jibu. Aliyesema ndiyo palepale, aliandikwa miguu. Aliyesema "Inategemea," au "Kwa nini?", aliandikwa gari. Mmoja akang'ang'ania, "Mzee, si nitaelezwa sababu?" Akamwambia, "Utaelezwa tukishafika. Porini, sababu ina mwendo mkali kuliko maelezo."

Meneja ananiambia kwamba barua za malalamiko zilikauka. Baada ya mwaka wa pili alikwenda mwenyewe pale mezani. Akasema, "Mzee, nilikosea. Rudi porini." Mzee akampa mkono, akamshukuru, akasema, "Goti langu limestaafu kabla yangu. Yupo binti kwenye magari. Ana kibali, hajapewa mstari. Mpe."

"Mkali yule," meneja akasema. "Anauliza maswali mengi."

"Akiwa mbele ya mstari ataacha."

Binti akapewa safari za miguu. Hakuambiwa ni neno la nani. Na wageni wake wote walipita kwanza kwenye ile meza, wakaulizwa lile swali, na mwulizaji alikuwa baba ambaye yeye alikuwa amemsusa.

Mwezi wake wa pili, wageni wanne, njia ya mtoni. Anasema asubuhi ilikuwa nzuri mno. Mbele kulikuwa na twiga na mtoto wake mchanga, wageni walishawaona kwa mbali, wanatabasamu. Katikati, kichaka. Ndege watatu wakaruka. Midomo myekundu.

"Nilisikia mluzi wa Breki masikioni," binti ananiambia. "Nikajisemea, nikirudi leo, mimi ni Turudi maisha yangu yote. Nikatazama nyuma. Wale wanne wananitazama mimi. Hawakitazami kichaka. Mimi."

Akainua ngumi. "Turudi."

Wakageuka wote wanne. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kulikuwa na nyati? Binti hajui. Meneja hajui. Mimi nikamuuliza binti mara ya pili, kama mtangazaji king'ang'anizi. Akanijibu, "Sikwenda kuangalia, mtangazaji. Ndiyo maana tunazungumza."

Siku ile ile alikwenda nyumbani na vumbi lake na viatu vyake. Mzee alikuwa ameanza kuumwa, amelala chali, dirisha wazi. Mama mtu yuko kwenye cherehani chumba cha pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mapema? Mmeona nini?"

Binti akakaa chini, mgongo kwenye ukingo wa kitanda. "Ndege."

"Ndege tu?"

"Ndege tu, baba."

Mzee akacheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na cherehani ikanyamaza. Mama akaingia na tepu yake shingoni. "Nyie! Mnataka kuniulia mgonjwa kwa ajili ya ndege?" Basi wakamcheka na yeye. Anasema hakuelewa kitu siku ile, ila aliona chai imepata moto.

Walipata miezi mitano zaidi pamoja. Kila jioni anaporudi, swali lilikuwa lile lile, mmeona nini. Jumanne moja jioni hapakuwa na wa kuuliza.

Kwenye mazishi walikuja waongozaji wa kambi zote. Hata Breki alikuja, macho mekundu, kofia kifuani. Kazi ilipokwisha, watu hawakuondoka. Mnajua hali ile. Kaburi limefunikwa, maneno yamekwisha, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumpa marehemu mgongo. Mjane amesimama kama aliyeota mizizi.

Binti akamshika mama yake mkono. Mkono wa pili akauinua juu, ngumi.

"Turudi," akasema.

Watu wote wakageuka. Mstari mmoja, kimya. Breki wa mwisho, nyuma kabisa, mahali pa mwanafunzi.

Kwa mjane, mama yetu fundi: pole, mama. Pole sana. Cherehani hiyo isinyamaze muda mrefu. Kwa binti: pole, mwanangu, na uendelee kurudi. Kwa waongozaji wote walioko porini jioni hii, poleni kwa kumpoteza mwenzenu. Miaka kumi na tisa kwa miguu. Hakuna aliyeumia.

Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, tunaoongozwa na wake, waume, madaktari, madereva, hata watoto wetu waliokua, tusizime redio haraka. Tujiulize swali la ile meza ya mapokezi. Mtu anayekupenda akiinua ngumi, na wewe unawasikia tembo kabisa, hatua mia moja tu, ukiambiwa turudi, utarudi?

Sema jibu lako. Lakini hesabu na muda uliotumia kulisema.