Maziwa Mkiani mwa Ndege ya Jamsran

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye chai mezani ainywe taratibu. Leo tunamkumbuka rubani Jamsran, aliyefariki Jumanne moja asubuhi, akitua na ndege ndogo ya serikali kwenye uwanja wa nyasi wa Shar Tolgoi. Jana zimetimia siku arobaini na tisa tangu kifo chake, siku ambazo kwetu hufunga msiba. Jamsran alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kumi na tisa kati ya hiyo alitupelekea madaktari na dawa huko nyikani.

Alikuwa mnene, mcheshi, na jibini kavu halikusalimika mbele yake. Mimi nilipanda ndege yake mara moja tu. Nilitapika, naye akanicheka mpaka mji mkuu! Mkia wa ndege ile ulikuwa na michirizi myeupe. Ni maziwa. Kwetu msafiri akiondoka hurushiwa maziwa nyuma yake ili arudi salama, na bibi Tsend wa Shar Tolgoi hakumwacha Jamsran aondoke mkavu hata siku moja.

"Mama, maziwa yako yatanitia kutu!" Jamsran alikuwa akimtania.

"Pata kutu yako, mradi urudi," bibi alikuwa akimjibu.

Mafundi walipotaka kuuosha mkia ule, Jamsran aligoma katakata.

Jumanne ile, mkwe wa bibi Tsend, Khorloo, alikuwa amejifungua na damu haikomi. Jamsran akaja na muuguzi Oyun na sanduku la damu. Kama kawaida yake, alizunguka juu kwanza ili wachungaji waondoe farasi uwanjani. Akaanza kushuka. Lo, mwana farasi mmoja akarudi katikati! Jamsran akainua ndege, akaelekea kusini ili ajipange upya.

Bibi Tsend, macho yake yana ukungu, aliona ndege inakwenda zake. Alidhani Jamsran amekata tamaa. Basi alibeba ndoo, akakimbia hadi katikati ya uwanja, akairushia ile ndege maziwa, ipate kurudi.

Ikarudi. Jamsran alimwona bibi mbele yake, akakata kushoto, na bawa likagonga ardhi. Alifariki papo hapo. Oyun alivunjika mkono. Kwa mkono uliobaki alilibeba sanduku hadi hemani. Khorloo yu hai. Mtoto yu hai. Narudia, wasikilizaji wapendwa: wote wawili wako hai.

Tangu siku hiyo bibi Tsend hakugusa maziwa. Hata chai aliinywa kavu. Alikuwa akiiogopa siku moja tu, siku ambayo mjane wa Jamsran, Dulamsuren, angefika mlangoni pake. Alifika jana. Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari langu.

Bibi alipiga magoti. "Mwanangu, mumeo nimemuua mimi. Nitukane, nipige, nimestahili."

"Inuka, mama. Inuka bwana, utaniumiza mgongo kukuvuta!" Dulamsuren alimshika mabega. "Miaka kumi na tisa nimelala usingizi kwa sababu nilijua huku kuna mtu anamrushia maziwa. Nimekuja kukushukuru. Yuko wapi mtoto?"

Akampakata. Akalia sana, kisha akacheka. "Eh, mashavu haya! Mnene kama yeye."

Tulipoingia garini, bibi alibaki mlangoni, mikono mitupu. Dulamsuren akashusha kioo.

"Mama, ndiyo unaniacha niende mkavu? Kwangu ni mbali."

Bibi hakusogea. Khorloo akaingia hemani, akatoka na ndoo, akamwekea mama mkwe mkononi.

Dulamsuren na wanao, poleni sana. Mliyempoteza ametuachia mama na mtoto wake, nasi tunawashukuru ninyi mliotuazima mtu huyo miaka yote. Nawe msikilizaji, jiulize: nani hukuombea urudi salama, na lini ulimwambia ahsante?

Gari langu liko hapa nje ya studio. Nyuma ni jeupe pepepe. Sitaliosha.