Kilo Kumi Zilizokaangwa Mapema

Benchi letu ni ubao mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka lililofungwa zamani. Kushoto anakaa Gundi, fundi viatu, na sanduku lake la misumari. Katikati ni Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye mguu wake wa kulia bado unakanyaga chini kila gari linapopita kasi. Kulia, na cherehani yake, ni Shangazi Pini, anayeongea huku amebana pini midomoni na bado anaeleweka. Mimi nauza kahawa mbele yao, jiko miguuni na binti yangu mgongoni, mwaka wa pili sasa. Asubuhi ile nilifika na gunia na macho mekundu, na Shangazi ndiye aliyeona kwanza.

— Mwanangu, umelia au ni moshi wa jiko?

— Vyote, Shangazi.

Nikawaeleza. Keshokutwa nampeleka binti yangu hospitali ya mbali, mguu wake uliopinda ufungwe plasta na kunyooshwa kidogo kidogo. Wiki tano. Wifi yangu atabaki na birika, lakini wifi hajui kukaanga, akijaribu anaunguza. Basi nikakaanga buni yote, kilo kumi, siku tatu mfululizo, nikidhani nimemrahisishia kazi. Nilipopita kumuaga muuza buni, akashika kichwa. Mbichi ingekaa miezi bila neno, akasema. Iliyokaangwa ikipigwa na hewa, wiki mbili tu harufu imekwenda zake.

— Wateja wakinywa kahawa kama iliyochujwa mara mbili, hawarudi, nikasema. Nami nikirudi nitakuta nini? Ubao mtupu.

— Na sisi tulio juu ya ubao hutuoni? akasema Breki. Hebu tufikiri. Adui ni nani?

— Hewa.

— Hewa naijua mimi! Miaka thelathini kwenye matairi. Mimina kahawa ndani ya tyubu ya gurudumu, kaza huku na huku.

— Tyubu kazi yake ni kushika hewa, Breki, akasema Shangazi. Unamfungia mwizi chumba kimoja na mali.

— Lakini hatoki.

— Ndiyo ubaya wenyewe!

Gundi akainua kopo lake la gundi.

— Debe moja, kifuniko, na hii kuzunguka pande zote. Viatu nilivyobandika mimi vimevuka mito.

— Na wifi atafunguaje asubuhi? nikauliza.

— Ataniita, nitamfungulia.

— Halafu?

— Nabandika tena.

— Kila siku! akasema Breki. Na kahawa inuke gundi. Mteja akinywa, midomo haiachani. Angalau hatalalamika.

Nikacheka bila kutaka. Nikawaambia kwamba jana niliifunga nyingine kwenye chupa ya kioo ikiwa imetoka jikoni tu, na leo asubuhi kifuniko kikaruka chenyewe, pu! Binti yangu akapiga makofi.

— Mnaona? akasema Gundi. Ina pumzi. Na kitu chenye pumzi kina moyo. Imejua mwenyewe anasafiri, imekata tamaa mapema.

— Basi friji, akasema Shangazi.

— Friji ya nani? akasema Breki. Ya jirani yangu ina samaki na vitunguu. Utakuwa unauza mchuzi.

— Basi giza. Nitaishonea mifuko ya kitambaa cheusi, tabaka tatu, niiweke chini ya mto nilalie.

— Na ukikoroma, Shangazi? akauliza Gundi.

— Sikoromi.

— Mumeo aliniambia.

— Mume wangu ni kiziwi, amesikia wapi?

Breki akasubiri kicheko kiishe, kisha akashusha sauti kama mtu mwenye siri ya serikali.

— Ichimbiwe. Shimo la kina cha mtu na nusu. Huko chini hakuna jua, hakuna joto. Asubuhi wifi anashuka kwa ngazi.

— Na birika?

— Anashuka nalo.

— Na wateja?

— Nao washuke. Kuna ubaridi mzuri.

Kulikuwa na dada mmoja pembeni, nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akingoja Gundi amshonee ukanda wa sandali. Alinywa kahawa yake polepole, akiwasikiliza mmoja mmoja.

— Samahani wazee wangu, akasema. Nyinyi nyumbani kwenu kahawa mnaiwekaje?

Gari likapita kasi. Mguu wa Breki haukukanyaga.

— Nyumbani? akauliza.

— Ndiyo. Kwenye kopo, kwenye mfuko, au wapi?

Shangazi akatoa pini zote midomoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

— Kwangu tunakunywa chai.

— Mimi kahawa inaninyima usingizi, akasema Breki, akitazama barabara.

Tukamgeukia Gundi. Akajikuna shingo kwa sindano yake kubwa.

— Mimi ladha yake sijaipenda tangu utoto.

Nikamtazama. Vikombe viwili kila asubuhi, mwaka na zaidi. Kila funda la kwanza hukunja uso, nami siku zote nikadhani ni kwa sababu ya moto. Nikaikumbuka siku yangu ya kwanza pale. Birika lilikuwa limejaa, watu wanapita tu, mtoto analia, nami nimeshaanza kufunga vitu nirudi nyumbani. Fundi nisiyemjua akaniita: lete kahawa hiyo, dada, naitafuta tangu alfajiri. Kisha akawapigia kelele wenzake waje.

— Sasa mlikuwa mnanunua za nini? nikauliza.

— Tungekaa hapa siku nzima mikono mitupu? akasema Gundi, akainamia sandali.

— Usianze tena kulia, mwanangu, akasema Shangazi, akilia yeye.

Yule dada akaona aibu, kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe.

— Mimi sijui mambo ya kahawa, akasema. Ila mama yangu viungo vyake huvigawa kwenye makopo madogo madogo. Anafungua moja mpaka liishe. Mengine hayaguswi.

— Hilo ndilo nilikuwa naelekea kulisema, akasema Breki.

— Ulikuwa umeshafika kaburini, akasema Shangazi.

Wakaondoka wote watatu, wakaacha sanduku, cherehani na sandali isiyokwisha kushonwa, na yule dada akabaki na mguu wake mmoja. Shangazi akarudi na makopo ya vifungo, ameyamwaga na kuyafuta. Breki akaja na manne, hakusema ameyatoa wapi. Gundi akaleta mtungi wa kioo wa misumari, umeoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa mpaka ndani. Tulinusa vyote, kimoja kimoja. Tukakubaliana punje zikae nzima, wifi atwange za siku ile tu. Tuziache kwanza zipumue, zisirushe vifuniko. Kisha makopo yakakae chini ya kitanda cha Shangazi, gizani, mbali na jiko.

— Ya wiki ya tano itakuwa imefifia hata hivyo, nikasema.

— Nani atajua? akasema Gundi. Mimi zote naona sawa.

Akanyoosha kikombe chake kama kawaida. Nikaliinamisha birika mpaka mwisho, likatoa funda moja zito lenye machicha. Akalinywa. Safari hii nilikuwa namtazama, naye anajua namtazama. Akajitahidi, maskini, uso usikunjike.

Ukakunjika.