Bi. Ernestine Daigle Anakabidhi Funguo za Kijito Cheusi

Jumamosi hii, tarehe 26 Oktoba, Bi. Ernestine Daigle anastaafu baada ya kuwahudumia wawindaji wa dubu weusi hapa Kambi ya Kijito Cheusi, kaskazini mwa Maine, kwa miaka thelathini na saba. Aliingia kambini vuli ya mwaka 1987 akiwa mpishi msaidizi. Mwaka uliofuata alikuwa na leseni ya mwongozaji, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, alichoka kuwapikia wanaume wanaorudi mikono mitupu huku wakieleza jinsi upepo ulivyowaonea. Mimi, Réal Michaud, nimekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na minne. Nimepewa ukurasa mmoja tu wa ratiba ya sherehe ya leo ya kumuaga. Hautoshi, lakini nitabanana humo humo.

Alipaswa kustaafu zamani. Nyonga yake ya kushoto imekwisha, na daktari amemwambia hivyo bila kuficha. Mwenye kambi, Bwana Lionel Soucy, alimwomba apumzike miaka sita iliyopita, akamwomba tena, na tena. Jibu halikubadilika: "Lionel, nitajie mtu mmoja hapa anayeweza kuniambia hapana nikiwa nimeshika bunduki. Kesho yake nakukabidhi funguo." Aliamini kuwa kazi ya mwongozaji ni neno hilo moja, na mengine yote ni kubeba mizigo. Kwa neno hilo, katika miaka yote hiyo, hakuna mwindaji wake hata mmoja aliyempiga risasi dubu jike mwenye watoto. Aliyetazamiwa kumwambia yeye neno hilo ni mimi. Kwa hiyo kila vuli niliyoshindwa, yeye alipanda tena mlima na nyonga yake mbovu, na kambi nzima ilijua ni kwa sababu ya nani.

Niyataje kwanza aliyotufundisha, maana wageni wa msimu ujao watauliza na yeye hatakuwepo kuwajibu kwa ukali wake.

Upepo ndio wa kwanza. Dubu akikuona anaweza kusita, lakini akikunusa hana mjadala. Mwanasheria mmoja wa Boston alifika akinukia kama duka la manukato. Bi. Ernestine alimzunguka mara mbili, akamwambia, "Bwana, dubu ameshajua umefika. Ameshamwambia na shemeji yake." Akamwogesha kwa magadi, akamkalisha karibu na moshi wa jiko mpaka macho yakawa mekundu, ndipo akampeleka msituni. Siku ya tatu yule bwana alipata dubu, na tangu hapo kila Krismasi humtumia Bi. Ernestine sabuni isiyo na harufu.

La pili, usimtafute dubu, tafuta chakula chake. Mwezi wa Oktoba dubu anajaza tumbo kabla ya usingizi wa baridi, na kwenye mlima wetu chakula chake ni kokwa za mti wa biichi. Gome la mti huo ni la kijivu na laini, kwa hiyo kucha huandika juu yake. Alama zikiwa nyeusi na kavu, ni za miaka iliyopita, endelea na safari. Zikiwa mbichi, kaa chini na ufunge mdomo. Mwaka ambao kokwa zimekosekana, yeye aliwapeleka watu kwenye mashamba ya zamani ya matofaa, yale yaliyoachwa na babu zetu, na hakukosea.

Halafu kuna masikio. Dubu mdogo masikio yake huonekana makubwa na yamesimama juu ya kichwa. Dubu mkubwa ana kichwa kipana na masikio madogo yaliyokaa pembeni. Ni rahisi kusema. Lakini mtu akiwa na bunduki mkononi, kila dubu anakuwa na ratili mia nne. Daktari mmoja wa meno alikataa kuambiwa, akapiga, na tulipofika tukamkuta dubu wa ratili mia na kumi. Bi. Ernestine alimtazama daktari kwa huruma, akasema, "Usijali. Ulipompiga alikuwa mkubwa. Amenywea tulipokuwa njiani." Msemo huo umebaki kambini, na hata samaki siku hizi hunywea.

Na nyama, jamani. Dubu amevaa mafuta na manyoya, na Oktoba bado ina siku za joto. Ukianza kupiga picha za kupeleka kwa wakwe, nyama inaharibika. Yeye alitaka ngozi itoke mara moja, nyama ipoe, na ikipikwa iive mpaka ndani kabisa. Mafuta aliyayeyusha mwenyewe kwa ajili ya maandazi ya matofaa. Mteja aliyeacha nyama kwenye sahani hakukaribishwa tena, na hakuongezewa chapati za ploye hata akiomba kwa adabu.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Miaka mitano iliyopita tulikuwa na mteja kando ya kinamasi. Bi. Ernestine alionyesha kwa mkono tupite kulia. Nilihisi upepo umegeuka na kunipiga shingoni, nikanyamaza, nikapita kulia. Dubu tuliyemfuata akatunusa, akaguna mara moja, akatokomea. "Ulijua?" aliniuliza. Nikamwambia nilijua. "Na ukanyamaza." Nikajitetea kuwa yeye ndiye mkubwa. "Basi mkubwa bado ana kazi," akasema, akatangulia akichechemea. Sikula jioni ile, aibu ilinishibisha.

Mwaka huu wafanyakazi tulimpa zawadi ya kibali cha kuwinda dubu, awe yeye mwindaji na mimi nimwongoze. Hakuwa amewinda dubu wake mwenyewe kwa miaka ishirini na miwili, kwa kuwa kila msimu ulikuwa wa wateja. Tarehe 12 tulipanda polepole mpaka kwenye biichi za juu, tukakaa upepo ukitupiga usoni. Niliona jinsi alivyofurahi, ingawa hakusema.

Dubu alitokea saa tisa na nusu alasiri, hatua sitini hivi mbele yetu. Kichwa kipana, masikio pembeni, tumbo linakaribia kufagia majani. Kwa masomo yote niliyoyataja, huyo ni dubu mkubwa, na kwa unene ule lazima awe dume. Bi. Ernestine aliinua bunduki, akaondoa kizuizi cha usalama, akasubiri mguu wa mbele usogee. Mimi nilikuwa namtazama dubu. Alitafuna, akaacha, akainua uso juu kwenye mti uliokuwa nyuma yake. Akatafuna, akainua uso tena. Dume halina mtu wa kumwangalia juu ya mti.

Nikasema, "Hapana."

"Ni dume, Réal," alinong'ona bila kugeuka.

"Hapana. Shusha bunduki, Bi. Ernestine."

Kama nimekosea, nimemnyima dubu wake wa mwisho. Bunduki ilikaa palepale kwa muda mrefu, kisha ikashuka. Dubu akaguna. Gome likaanza kukwaruza, na vitoto viwili vikateremka kinyumenyume. Cha tatu kikafuata kwa kuanguka. Walikwenda zao wote wanne. Mwaka wa kokwa nyingi umemnenepesha mama yule mpaka akatuchanganya.

Bi. Ernestine alitoa risasi moja moja, akaziweka kiganjani mwangu. Alikuwa analia, na mimi sikuwahi kumwona akilia. "Ningepiga," akasema. Kisha akanyoosha mkono nimwinue, akanipa funguo za kambi pale pale, na kuniamuru nimpitishe njia ya mteremko mdogo kwa kuwa sasa yeye ni mteja.

Juzi aliniita jikoni. Alikuwa amesikia ninaandika ukurasa huu, akanisihi niseme kwamba aliviona vitoto tangu mwanzo, kwamba alikuwa ananipima tu. Mtu mwenye miaka thelathini na saba isiyo na doa ana haki ya kuomba hivyo, na niliumia kumsikia. Lakini waongozaji wapya watausoma ukurasa huu. Ni lazima wajue kuwa hata Ernestine Daigle angepiga, na kwamba vitoto vile viko hai kwa sababu aliyekaa kando yake alifungua mdomo. Nikamwambia hapana. Alinitazama, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Hapana ya pili ni nyepesi, au siyo?"

Tunakushukuru, Bi. Ernestine, kwa kila mteja uliyemrudisha mzima na kila bunduki uliyoishusha. Nyonga itengenezwe, maandazi yasikauke, na miaka yako ya kupumzika iwe mingi na mitamu. Jumatatu alfajiri tunapanda mlimani bila wewe, na tuko tayari.