Mama wa Jogoo

Wasikilizaji wapendwa, Orpha Stallard hatunaye tena. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka tisini na mmoja. Hapa kaunti ya Brammer wengi mlimjua kwa jina moja tu: Mama wa Jogoo.

Jogoo ni alama ya chama cha Democrat kwenye karatasi zetu za kura hapa Kentucky. Republican wana kibanda cha magogo. Babu yake Orpha alipigia kura kibanda maisha yake yote. Kisha chama cha wafanyakazi, rafiki wa Democrat, kikaingia migodini, na baba yake Orpha akapiga jogoo. Babu akaapa hatamtazama tena usoni. Babu alipokufa, baba yake Orpha alizuiwa mlangoni, kama mzee alivyoagiza. Alisikiliza mazishi ya mzazi wake akiwa nje ya ua, na Orpha mdogo kamshika mkono.

Baadaye kaunti nzima ikawa ya jogoo, Orpha akiwa mstari wa mbele, miaka nenda miaka rudi. Migodi ilipofungwa, watu wakaanza kurudi kibandani. Kwenye daftari la wapiga kura bado ni Democrat, maana sherifu huamuliwa kwenye mchujo wa chama hicho. Kwa rais, kibanda. Ndivyo tulivyo, mguu huku, mguu kule.

Denver, mwanawe wa pekee, aliungama wakati wa chakula.

"Mama, safari hii nimepiga kibanda."

"Kibanda! Na maharagwe yangu unayala?"

"Jogoo kanipa nini? Kazi iko wapi?"

Orpha akainyakua sahani ya mwanawe. Denver anakumbuka: "Alisimama nayo. Halafu akairudisha, akaniongezea mkate wa mahindi. Akasema, 'Kula, mjinga wewe. Babu yangu alifunga mlango. Mimi sifungi.'"

Uchaguzi uliopita, Mama wa Jogoo alikuwa haoni tena. Sheria inaruhusu msaidizi wa kumwekea mtu alama kwenye kura. Jirani zake wa Democrat walikuwa tayari. Yeye akasema, "Denver."

"Bi Orpha, huyu si wa kibanda?"

"Najua. Nimemzaa mwenyewe."

Kaunti ilikwenda kibandani, kura nne kwa moja. Denver anasema: "Aliniambia, 'Jogoo, mwanangu.' Nikampigia jogoo. Kisha nikapiga kibanda changu, kura zetu zikauana. Njia nzima hadi nyumbani, hakuniuliza nimeweka alama wapi kwenye kura yake."

Poleni sana Denver na jamaa wote wa Stallard. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mtu na nafsi yake: huko upande wa pili, ni nani ungempa kalamu yako?