Leokadia "Lottie" Wanta: Siku Mbili kwa Kila Nduguye

Padri, jamaa, majirani wa Stevens Point na nyote mliotoka mbali, poleni na safari. Mimi ni Bernice Heikkinen, mdogo wake marehemu. Binti yake, Annette, aliniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchapwa kwenye ratiba ya mazishi. Nimeshindwa kuishia ukurasa mmoja. Nilikaa kuandika mara nne nikainuka mara nne, maana kuna jambo nililomfanyia dada yangu wiki yake ya mwisho, na siwezi kulipita nikijifanya sikulifanya. Nitalifikia. Kwanza nimpe haki yake.

Leokadia alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, hapa hapa Stevens Point, Wisconsin. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Ignac na Wanda Glodowski. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi, na mama alilima viazi nyuma ya nyumba na kugombana na majirani juu ya uzio. Kaka yetu Casimir alifuata mwaka 1946, na mimi, kitinda mimba, nikazaliwa Novemba 1951. Mama alikuwa akisema kwamba Lottie hakutambaa hata siku moja. Alikaa, akasimama, akaondoka.

Alisoma shule ya parokia kwa masista, kisha sekondari, akamaliza Juni 1962. Katika ripoti yake moja, ambayo Annette anayo mpaka leo, sista aliandika: "Leokadia anajua majibu yote ila hakai kwenye dawati." Lakini utoto wake ulikatizwa na msiba wa nyumbani. Vuli ya mwaka 1953 mama yetu alishikwa na kifua kikuu, akapelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa kifua, na sisi watoto tukagawanywa. Lottie alibaki mjini kwa bibi. Casimir alipelekwa kwa mjomba huko Rosholt, kwenye ng'ombe. Mimi nilikuwa sijatimiza hata miaka miwili, nikachukuliwa na shangazi aliyekaa Wausau. Tulikaa hivyo miaka miwili na nusu, na mama aliporudi sikumjua.

Alianza kazi kiwandani, kwenye chumba cha barua, lakini kazi ya kukaa kitako haikuwa yake. Mwaka 1971 alijifunza kuendesha basi la shule, akaliendesha miaka ishirini na tisa. Alimjua mtoto anayetapika Jumatatu, na mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna aliyeamka kumpa chai. Kabla ya kuzima injini alitembea mpaka kiti cha nyuma kuhakikisha hakuna aliyesahauliwa amelala. Wengi wenu hapa mlipanda basi lake, na wengine mlishushwa kwa utundu. Msijifanye hamkumbuki.

Aliolewa na Raymond Wanta tarehe 11 Juni 1966. Shemeji Ray, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kiti na gazeti, na hakuna aliyejua wale wawili walipatana vipi. Annette alizaliwa mwaka 1969. Mwaka 1983 wakanunua gari-nyumba lao la kwanza, lenye kitanda, jiko na choo ndani, na kuanzia hapo shemeji akawa analiita "mume mwenzangu." Kila Julai njia ilikuwa ile ile. Walianza na Ziwa Shawano, wakaenda ghuba ya Escanaba, wakafika Marquette kwenye Ziwa Superior, ambako Annette aliolewa. Kisha walikuja kwangu Ontonagon, wakapitia Ziwa Gogebic, na mwisho walifika kwa Casimir, au Caz, mjini Superior, ambako siku hizi yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kumbukumbu zikimpotea. Kila mahali walilala siku mbili. Kwetu sisi ndugu hakulala ndani hata mara moja. Aliegesha uani, akasawazisha magurudumu kwa vipande vya mbao, akavuta waya wa umeme na mpira wa maji kutoka nyumbani kwako, na kesho kutwa yake, ukiamka kukoroga unga wa chapati za maji, unakuta nyasi zimelala tu.

Hapa Annette ameniambia nisimulie habari ya Escanaba, nami natii. Ilikuwa Julai 1994. Lottie alisimama kituo cha mafuta alfajiri. Shemeji Ray akaamka kule nyuma, akashuka kwenda msalani na pajama zake za mistari. Lottie akalipa, akapanda, akaondoka. Alikwenda maili sitini na tano akizungumza naye. Alipofika kwa Annette akapiga kelele, "Ray, shuka na mayai!"

Annette akatoka. "Mama, baba yuko wapi?"

"Amelala nyuma."

"Hayupo."

"Hayupo vipi? Nimekuwa nikiongea naye tangu Escanaba."

"Na alikujibu?"

"Tangu lini baba yako akanijibu?"

Walipomrudia walimkuta kibarazani anacheza karata na wazee wawili, ameshakula donati tatu. Akawatazama, akasema, "Mmechelewa. Nimeshapata familia nyingine." Mwanamke aliyekagua viti vya basi zima miaka yote ile alikuwa amemsahau mumewe mwenyewe, kwa haraka ya kufika. Tulimcheka mpaka shemeji alipofariki, mwaka 2011. Baada ya hapo aliendelea na safari peke yake.

Sasa niseme langu. Mimi sikuipenda ile haraka. Mume wangu Reino alikuwa akitania kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Lottie anakimbia jembe. Mimi nilicheka, lakini moyoni iliniuma. Reino alipokufa, Septemba 1998, Lottie alikuja mbio, akapika, akafua, akapokea wageni. Siku ya tatu asubuhi nikasikia injini. Nilisimama mlangoni na kanzu ya kulalia nikamwambia, "Hata leo?" Akanibusu akasema, "Nitarudi." Nilimnunia miaka mitatu. Nilijibu simu zake, nikatuma kadi za Krismasi, lakini nilimnunia.

Aprili mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alimweleza matibabu, naye akauliza swali moja tu: "Nitafika Agosti?" Daktari akasema inawezekana. Tarehe 19 Julai akaondoka nyumbani. Annette alikuja kumwendesha na alikubaliwa mpaka Marquette tu. Siku ya tatu pale Annette akaingia jikoni kupika kahawa, na aliporudi ua ulikuwa mtupu. Alinipigia simu akilia kwa hasira: "Mama mdogo, ameniponyoka!" Jioni ya Ijumaa tarehe 25 Julai gari likaingia kwangu, likaigonga ngazi kidogo, na dada yangu akashuka ameushikilia mlango. Alikuwa amebaki mifupa. Nikasema moyoni, huyu haondoki hapa.

Jumamosi jioni, akiwa anaoga, nilichukua spana ya Reino nikafungua betri ya gari lake. Kuifungua alinifundisha mwenyewe. Huku kwetu kila Oktoba betri hutolewa na kuwekwa ndani isigande, na miaka mingi alikuwa akinipigia kunikumbusha nitoe ya kwangu. Niliibeba mpaka chini ya nyumba nikaifunika kwa magunia ya viazi. Nina miaka sabini na mitatu, na nilijiona shujaa.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nikamsikia anazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kisha akaja jikoni polepole, akakaa.

"Wee Bernice, betri yangu iko wapi?"

"Sijui."

"Hujui? Tangu utotoni ukidanganya unafuta meza. Acha hicho kitambaa."

Nikaacha kitambaa. Nikamwambia, "Kaa, Lottie. Mara moja tu katika maisha yako, kaa. Upate nguvu, halafu utakwenda."

"Caz ananingoja Jumanne."

"Caz hakumbuki hata kama leo ni Jumapili!"

"Julai anaikumbuka. Manesi wameniambia. Ikifika Julai anavuta kiti dirishani."

"Na mimi je? Mimi sina dirisha? Reino alikufa ukanipa siku mbili! Daima unanitoka kwenda kwa mwingine."

Hapo nilikuwa nikipiga kelele, na majirani walisikia, na mmoja wao yupo hapa leo. Lottie hakupandisha sauti. Alisema, "Sasa nikwambie, maana wewe ulikuwa mdogo." Akaniambia kwamba mama alipougua, yeye alikuwa na miaka tisa. Siku tulipotawanywa, Casimir alishika sketi yake hakutaka kuiachia, naye akamwahidi atakuja. Basi kila Jumamosi akapanda basi. Jumamosi moja ni Rosholt kwa Casimir, inayofuata ni Wausau kwangu, na nauli alikuwa akiipata kwa kusafisha mabanda ya kuku ya watu. Shangazi hakuwahi kunieleza hayo. Lottie alikuwa akilala usiku mmoja, kesho yake namlilia mlangoni, na ilimbidi aondoke, kwa sababu Jumamosi ijayo Casimir angekuwa kwenye geti la mjomba, akimngoja.

"Kila nilipokuwa na mmoja wenu," akasema, "nilimwona mwingine amesimama getini. Mpaka leo. Nikikaa, moyo haukai. Reino alipokufa, Caz alikuwa ndio kwanza ameachwa na mkewe. Ungenipasua katikati?"

Ningewaambia kwamba hapo nilikimbilia magunia. Hapana. Nilikuwa na wivu, jamani. Nina miaka sabini na mitatu na nilimwonea wivu kaka yangu mgonjwa. Nikamwambia, "Utaondoka Alhamisi," kisha nikaenda kulia bafuni. Angeweza kumpigia fundi. Angeweza kumpigia Annette. Hakumpigia mtu. Jumatatu aliketi uani kwenye kiti cha turubai, akiwa ameangalia barabara. Jumanne, siku ya Casimir, hakula kitu. Jumatano asubuhi nikashindwa, nikaipandisha betri, nikaifunga, nikawasha injini mwenyewe. Nikaenda kumwita. "Haya, twende. Nitakuendesha."

Alijaribu ngazi za gari. Ngazi ni mbili tu. Mguu wa kwanza ulipanda, wa pili ukakataa.

Nilimpandisha kwa msaada wa jirani, tukamlaza kwenye kitanda chake cha gari-nyumba, na nesi wa nyumbani akasema asisogezwe. Nilimtaka aje kitandani kwangu akakataa katakata. Annette alifika siku hiyo hiyo. Lottie hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Alhamisi aliniomba maji ya barafu na akauliza kama mpira wa maji umefungwa vizuri, asije akalipa mtu bili ya bure. Ijumaa padri wa Ontonagon alimpaka mafuta matakatifu. Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi, dada yetu Leokadia alifariki uani kwangu, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, mwendo wa saa tatu kutoka kwa kaka yake. Alikaa kwangu siku nane. Ndizo siku nilizozitaka maisha yangu yote, na nilizipata kwa wizi.

Marehemu alitanguliwa na wazazi wake, mumewe Raymond, na shemeji yake Reino. Ameacha binti, Annette, wajukuu wawili, Derek na Paige, kaka yake, Casimir Glodowski wa Superior, na mdogo wake, mimi. Familia inawashukuru manesi, padri, na akina mama wa parokia waliotengeneza pierogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, na nyama baridi mtakazozikuta ukumbini.

Casimir hayupo hapa. Hawezi safari. Jumatatu nilimpigia simu, nesi akamwekea sikioni. Nikamwambia, "Kaka, Lottie ametutoka." Nikafikiri hajaelewa, nikataka kurudia. Kisha akaniuliza, "Sasa nani anakuja?"

Sijawahi kuendesha kitu kirefu kuliko gari dogo la kwenda dukani. Juzi Annette alinipa ufunguo wa gari-nyumba, akanifundisha kurudi nyuma kwenye maegesho ya parokia, na sanduku la barua la padri lililolala chini pale nje, ni mimi. Nitalilipa.

Lakini Jumatatu ile, kwenye simu, nilimwambia kaka yangu, "Ni mimi ninayekuja."

Akasema, "Lini?"

"Jumapili."

Akasema, "Sijatoka dirishani tangu Jumanne ile."

Dada Leokadia, ulitubeba sote, tukushushe sasa. Mungu akupe utulivu ambao sisi hatukukuachia. Wengine mtanisamehe nisipobaki kuosha vyombo. Kesho kutwa, Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, niko barabarani.